Tuhuma Juu ya Stata

Katika jumla ya mambo ambayo mwanadamu huyahukumu kwa pupa, sidhani kama liko linalohukumiwa kwa pupa kubwa kuliko mtambo mzito unaokataa kuwaka alfajiri, wakati vibarua wamekwisha kufika, malori ya kubeba udongo yamejipanga kando ya barabara ya Ggaba, na msimamizi, ambaye hudaiwa kodi ya mtambo ule kwa saa, uwe umefanya kazi au umelala, anakwenda huku na huku simu ikiwa sikioni. Hapo huzaliwa rai nyingi kuliko watu waliopo. Opareta husema stata imekufa. Utingo husema ni betri. Mpita njia aliyewahi kumiliki gari dogo husema ni pampu. Na kabla jua halijapanda sawasawa juu ya kilima cha Nsambya, stata imekwisha kufunguliwa, imepakiwa juu ya bodaboda, na imepelekwa soko la Kisekka kutafutiwa mwenzake. Aghalabu stata ile haina taksiri yoyote.

Naitaja Nsambya kwa kuwa kilima hiki, ambacho wengi hukijua kwa kanisa la mapadri wa Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895, na kwa hospitali iliyoanzishwa na masista Wafransisko mwaka 1903, kina upande wake mwingine usioimbwa sana, upande wa kambi ya polisi na wa makazi ya zamani ya watumishi wa reli, ambako Kiswahili hakikupata kuwa mgeni: askari walikitumia kwa amri, na watu wa reli, ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa Kenya, walikitumia kwa kazi. Isitoshe, miteremko yake haipumziki kuchimbwa. Tangu mwaka 2019, ulipoanza ujenzi wa barabara za juu pale penye Mnara wa Saa kwa mkopo wa Ujapani, na hata kabla ya hapo kwa misingi ya nyumba na mifereji ya maji ya mvua, ngurumo ya katapila na ya ekskaveta imekuwa sehemu ya asubuhi ya mahali hapa kama adhana na kengele zilivyo sehemu ya asubuhi ya mahali pengine.

Reli iliwasili Kampala mwaka 1931, na mwaka uo huo, huko Marekani, kampuni ya Caterpillar ilitoa trekta yake ya kwanza ya minyororo yenye injini ya dizeli. Mambo hayo mawili hayakuhusiana, lakini hunipendeza kuyaweka pamoja, kwa sababu yanaonyesha namna mbili za kuuanza mwendo. Gari la moshi la zama zile halikuwa na ghafula: mtu wa tanuri alikoka moto usiku, akangoja kwa saa kadhaa hata maji yapate mvuke wa kutosha, na kama kulikuwa na dosari aliiona ikija taratibu katika saa ya mvuke. Injini ya dizeli haitaki saa zile, bali inataka nguvu kubwa kupita kiasi katika muda mfupi kupita kiasi. Haina cheche ya kuwasha mafuta. Ile injini ambayo Rudolf Diesel aliithibitisha huko Augsburg mwaka 1897 ilisimama juu ya kanuni moja tu, kwamba hewa ikibanwa ghafla huwa moto. Nayo, ikibanwa ndani ya silinda hata ikabaki sehemu moja katika kumi na sita hivi za ukubwa wake wa awali, hupita nyuzijoto 500, na dizeli inayonyunyiziwa humo hushika moto yenyewe. Lakini hewa ile ibanwe kwa haraka, maana pistoni ikipanda kwa uzito wa uvivu, joto hupotea katika kuta za chuma na hewa huchuruzika kando ya ringi, na mwisho wa safari yake hakuna kilichobaki cha kuwasha hata utambi. Kwa hiyo trekta ile ya mwaka 1931 ilibebeshwa ubavuni injini ndogo ya petroli, ambayo kazi yake duniani ilikuwa kuizungusha ile kubwa tu, na opareta aliyeiwasha ndogo kwa mkono, akaiacha ipate joto, ndipo akaiunganisha na kubwa, alikuwa na nafasi ya kusikiliza kila hatua. Stata ya umeme, iliyokuja kuchukua mahali pake, imetuondolea taabu ile pamoja na masikizi yale. Tunageuza ufunguo, na jibu tunalopata ni moja: imewaka au haikuwaka.

Fundi mzee ninayemfikiria ninapoandika haya, ambaye maisha yake yote ya kazi yamepita katika nyua za mitambo upande huu wa mji, hageuki kuitazama injini kabla ya kuuliza. Nimemsikia akisemeshana na opareta kijana kwa maneno haya.

“Mzee, stata imekufa kabisa.”

“Umeiona maiti yake, kijana wangu?”

“Imelia tiki moja tu, mzee, kisha kimya.”

“Basi iliyolia haijafa. Ulipogeuza ufunguo, taa za mbele zilififia, au zilibaki vile vile?”

Kijana hakujua, kwa kuwa hakuziwasha. Ulizo lile lilikuwa na thamani kuliko spana zote zilizokuwa ndani ya sanduku. Taa zikififia hata zikakaribia kuzimika, umeme unatakiwa na haupatikani wa kutosha: ama betri ni dhaifu, ama njia imeziba, ama kitu kimekwama ndani ya stata au ndani ya injini yenyewe na kinaivuta nguvu yote bila kuzunguka. Taa zikibaki kung'aa kana kwamba hakuna lililotukia, umeme haukuvutwa kamwe, na mtu atafute mahali njia ilipokatika: fyuzi, rilei, swichi, au zile shaba mbili ndani ya solenoidi ambazo kwa kuungua mara nyingi hugusana bila kupitishana kitu. Milango miwili iliyo mbalimbali kabisa, na anayeingia kwa mlango usio wake atapitisha siku nzima katika chumba kisicho na mtu.

Mitambo mingi ya aina hii ina betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo ili zitoe 24. Betri zilizoshiba, zikiwa zimepumzika, huonyesha katika mita volti 25 na kidogo, na hapa ndipo wengi hufunga kesi: betri nzima, stata ndiyo mbovu. Lakini kile kipimo kimechukuliwa wakati betri haiombwi chochote. Betri iliyozeeka, ambayo bamba zake zimeota ganda la salfeti, huonyesha hesabu ile ile ya betri mpya maadamu imeketi, na itakapoombwa mamia ya ampea huanguka hata chini ya volti 18, na hapo rilei huachia, hushika tena, huachia tena, nayo hutoa ule mlio wa haraka haraka kama kucha zinazogonga meza. Ushahidi wa utulivu hauna maana katika jambo ambalo kosa lake hutokea katika mzigo tu. Sijui jambo lolote katika ufundi huu ambalo ni sahali kulielewa hivi na gumu kulishika hivi.

Vivyo hivyo waya. Kebo nene inayotoka betri kwenda stata imefumwa kwa nyuzi nyingi za shaba. Kutu na tindikali huzila moja baada ya moja chini ya ganda la mpira ambalo kwa nje bado linapendeza, na uzi mmoja uliosalia hutosha kuwasha taa ya kibandani, hutosha kupiga honi, na hutosha kumdanganya mtu mwenye mita anayepima ukinzani wa kebo ikiwa haipitishi kitu. Kanuni aliyoieleza Georg Ohm mwaka 1827 ndiyo inayomfichua mwongo huyu. Ukinzani wa sehemu moja tu ya mia ya omu, ambao mita za kawaida zinaweza kuuona kuwa si kitu, ukipitiwa na ampea 500 hula volti 5 nzima, na stata iliyokusudiwa volti 24, ambayo betri yenyewe imekwisha kuipunguzia, hubaki na nguvu ya kugugumia tu. Kwa hiyo fundi mwenye maarifa haipimi kebo imelala. Huweka mkono mmoja wa mita juu ya nguzo ya risasi ya betri, si juu ya kishikio kinachoikamata, na wa pili juu ya boli ya stata, kisha humwambia kijana ageuze ufunguo, na katika sekunde zile chache husoma ni kiasi gani kimepotea njiani. Ikifika volti moja au zaidi, ana mtuhumiwa mwenye ithibati. Halafu hufanya hivyo hivyo upande wa pili, upande wa athi, kutoka mwili wa stata hadi nguzo hasi, na naweza kusema kwa insafu kwamba huko ndiko makosa mengi hukaa, kwa sababu watu hukumbuka umeme uendao na husahau umeme urudio.

Hapa niingize jambo dogo la mitambo iliyotumika iletwayo kutoka ng'ambo. Mwenye mali, akitaka ipendeze machoni pa wakodishaji, huipuliza rangi mpya ya manjano kuanzia juu hadi chini, na rangi hiyo hupita chini ya kichwa cha waya wa athi kila unapofunguliwa na kufungwa tena. Chuma hakigusani na chuma tena. Mtambo ule hung'aa kama bibi harusi na haukubali kuwaka, na dawa yake ni kipande cha msasa.

Kabla ya hayo yote kuna makufuli, na ni aibu kuyataja baada ya sayansi, lakini ndiyo yanayotangulia katika uwanja. Iko swichi kuu ya betri, ambayo mlinzi wa usiku huizima na hamwambii mtu. Kiko kitufe chekundu cha dharura, katika mitambo iliyo nacho, ambacho mkoba wa chakula hukibonyeza. Katika ekskaveta upo wenzo wa usalama kando ya kiti, ambao usipowekwa mahali pa kufunga haidroliki, stata hainyimwi umeme kwa ubovu bali kwa hekima ya mtengenezaji. Na katika greda na shoveli iko gia, isiyokubali mtu awashe akiwa ameiingiza. Wapo wasiopenda kuulizwa habari za makufuli haya, wakiona ni dharau, nao huchukua bisibisi na kuunganisha vichwa viwili vya solenoidi ili stata izunguke bila kupitia makufuli yoyote. Nalichukia tendo hili kuliko uzembe mwingine wote wa karakana. Anayelifanya husimama chini, baina ya gurudumu na gurudumu au mbele ya mnyororo, na ikiwa gia imeingia, tani ishirini za chuma huanza safari zikiwa hazina mtu kwenye kiti.

Injini ikizunguka kwa nguvu njema na bado haiwaki, umeme umetoka katika kesi kwa kiasi kikubwa, na zamu ni ya mafuta. Vitabu vya watengenezaji, vilivyoandikwa na watu wanaojua theluji, huanza sura hii kwa baridi: plagi za kupashia joto, mafuta mazito, dizeli iliyoganda nta. Kampala iko karibu mno na mstari wa Ikweta, katika kimo cha mita 1,200 hivi juu ya bahari, na asubuhi yake yenye baridi kali ni baridi ambayo injini nzima haiijali. Hapa sura ya kwanza ingepaswa kuwa uchafu, ya pili maji, na ya tatu wezi. Tangi lililoachwa nusu tupu usiku wa masika hukusanya unyevu katika kuta zake, na matone huteremka chini ambako ndiko mdomo wa bomba la kunyonyea uliko. Wezi wa dizeli nao huacha zawadi: mchanga, kipande cha kitambaa, kipande cha karatasi ya plastiki. Kipande hiki cha mwisho ni msiba wa pekee, kwa kuwa huelea bila madhara mpaka pampu ivute, kisha huja na kuuziba mdomo wa bomba, injini huzima, mvuto unakoma, plastiki inaanguka, na mtambo, baada ya robo saa ya kupumzika, huwaka kana kwamba haukupata kuugua, na filta mpya zilizokwisha kununuliwa hupata sifa wasiyostahili kuipata hata mafundi waliozifunga.

Moshi ndio unaosema kweli hapa. Injini ikizungushwa na bomba la moshi likatoa moshi mweupe au wa kijivu, mafuta yanafika na hayaungui, na mtu arudi kuuliza habari za mbano, za majira ya pampu na za kasi ya mzunguko, ambazo huweza kumrudisha kwenye betri aliyodhani amekwisha kuiacha nyuma. Lisipotoa chochote, mafuta hayafiki. Hapo fundi mzee hutumia njia ambayo sijui ithibati iliyo rahisi kuipita: hujaza dizeli safi katika jerikeni ndogo, huiweka mahali palipoinuka, huunganisha mrija unaoonyesha ndani, na kuipa pampu mafuta moja kwa moja, baada ya kutoa hewa kwa pampu ya mkono hadi mapovu yaishe. Ikiwaka, kila kitu kuanzia pampu kwenda mbele kimetolewa tuhuma kwa mara moja, na kosa liko baina ya tangi na pampu, katika mita chache za mrija na filta ambazo mtu anaweza kuzikagua kabla ya chakula cha mchana. Lakini wengi hupendelea kopo la etha, hulipuliza katika njia ya hewa, injini hunguruma kwa kishindo, na wote hufurahi. Etha hulipuka kabla ya wakati wake, huvunja ringi na hata pistoni, na katika injini yenye kipasha joto cha hewa huweza kuwaka usoni mwa anayeipuliza. Zaidi ya hayo, haikumwambia mtu chochote kuhusu sababu.

Afrika ya Mashariki imepata kulipia pupa ya namna hii kwa kiasi ambacho hakijasahauliwa. Mpango wa karanga wa Tanganyika, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili na kuachwa Januari 1951 baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30, ulitegemea matrekta na katapila zilizokuwa masalio ya vita, nyingine zikitoka Ufilipino, zikapelekwa Kongwa zikiwa hazina historia ya matengenezo wala spea za kulingana. Na kabla mwaka 1947 haujaisha zaidi ya nusu ya matrekta yalikuwa yamelala. Watu huieleza habari ile kwa mvua iliyokosekana, kwa udongo uliokuwa mgumu kama saruji, na kwa kiburi cha mabwana wa London, na kweli yote hayo yalikuwapo. Lakini mimi huifikiria safu ile ya mitambo iliyolala, kila mmoja na ugonjwa wake, ikihesabiwa pamoja kama kitu kimoja kibovu, kana kwamba ubovu una jina moja.

Mitambo ya leo imeongezewa kinywa. Zana zaidi ya 1,000 za barabara ambazo Uganda ilizinunua Ujapani na kuanza kuzigawia wilaya mwaka 2017 ni za kizazi chenye kompyuta, ambayo huandika namba ya kosa katika kioo mbele ya opareta, na katika injini nyingi mpya haitoi ruhusa ya kunyunyiza mafuta mpaka mgandamizo katika bomba la pamoja umefika kiwango kilichowekwa. Tungetazamia basi kwamba zama za kukisia zimekwisha. Zimehama tu. Namba inayotaja sensa ya mgandamizo wa mafuta haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema kwamba habari iliyofika kupitia njia ile haikubaliki, na habari hiyo yaweza kuharibiwa na sensa, na waya wake uliotafunwa na panya, na athi, au ikawa habari ya kweli kabisa kwamba mgandamizo hakuna kwa sababu filta imeziba. Nimeona sensa njema zikitolewa na kutupwa kwa ujasiri ule ule uliokuwa ukizitoa stata.

Liko kosa moja ambalo hata fundi mzee hulifuata kwa subira kubwa, nalo ni lile la mchana. Mtambo huwaka vizuri alfajiri, hufanya kazi, huzimwa wakati wa chakula, na saa saba haukubali. Jua likishuka unakubali tena, na fundi aliyeitwa akafika jioni hukuta mtambo mtiifu na opareta aliyefedheheka. Mara nyingi sababu ni joto la injini iliyozimwa, ambalo hupanda na kuipika stata iliyofungwa ubavuni mwake: waya wa shaba ukipata moto ukinzani wake huongezeka, koili ya solenoidi hudai volti zaidi ili ivute, na ule waya mwembamba unaoleta amri kutoka kwenye ufunguo, kupitia swichi na rilei na viungo vilivyochakaa, hauna volti za ziada za kutoa. Asubuhi upungufu ule haukuonekana. Kosa hili halipimiki ila saa ile ile linapotokea, mtu akiwa amekwisha kuunganisha mita yake kwenye kichwa kidogo cha solenoidi kabla ya injini kuzimwa. Na kwa kuwa hakuna anayependa kulipa fundi aketi karibu na mtambo unaofanya kazi, nyua nyingi hupata suluhisho lao wenyewe, nalo ni kutouzima. Hawawezi kuusukuma ukawaka, maana mitambo mingi hii huendeshwa kwa haidroliki au kwa kibadili-nguvu cha mafuta, na magurudumu yake hayaigeuzi injini. Basi wakati wa posho, pale mteremkoni Nsambya, utaisikia ekskaveta ikinguruma peke yake mbele ya watu wanaokula, ikinywa lita baada ya lita za dizeli bila kuchota hata ndoo moja ya udongo. Mwisho wa mwezi mwenye mali huzikuta lita hizo katika hesabu zake, haoni udongo uliochimbwa nazo, na humwita opareta amweleze ameyauza wapi mafuta.